Kuingia Uingereza kwa viza ya mwanafunzi: kaunta ya kwanza iko nyumbani

Wanafunzi wanaoondoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe mwezi wa Septemba huiogopa sana kaunta ya uhamiaji ya Heathrow. Kaunta ya kuogopwa zaidi ni ile unayokabidhi mizigo nyumbani. Shirika la ndege likimfikisha Uingereza mtu asiye na ruhusa ya kuingia laweza kutozwa hadi pauni 2,000 kwa kila msafiri, kwa hiyo mhudumu wa pale hana sababu ya kukuonea huruma. Akikosa kuiona ruhusa yako kwenye mfumo, hupandi.

Siku hizi ruhusa hiyo haishikiki mkononi. Kadi za ukaazi za BRP zote ziliishia 31 Desemba 2024, na tangu 15 Julai 2025 wengi wanaoomba viza ya mwanafunzi wakiwa nje ya Uingereza hawabandikiwi tena stika kwenye pasipoti. Unachopewa ni eVisa, yaani rekodi iliyo kwenye akaunti yako ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) na iliyofungwa kwenye namba ya pasipoti yako. Kwa sababu hiyo, ushauri mwingi wa waliotangulia umepitwa na wakati. Hakuna tena kwenda posta kuchukua kadi ndani ya siku 10. Kujiandikisha polisi kulifutwa Agosti 2022. Ile kadi ya kujaza ndani ya ndege nayo iliondolewa 2019. Kaka au dada aliyesoma huko 2018 anakutakia mema, lakini safari aliyosafiri yeye siyo hii yako.

Basi fungua akaunti yako barua ya kukubaliwa viza inapofika, usingoje wiki ya safari. Kagua mambo matano, herufi kwa herufi: majina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, aina ya ruhusa, na tarehe zake za kuanza na kuisha. Majina ndiyo husumbua zaidi. Wengi wetu tuna majina matatu, na kuna wanaokata tiketi kwa mawili au kwa mpangilio tofauti na wa pasipoti. Tiketi, pasipoti na eVisa zinapaswa kusema kitu kimoja. Ukiona kosa kwenye eVisa, litolee taarifa kupitia fomu ya makosa iliyoko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, na usubiri lirekebishwe kabla ya kusafiri. Na ukibadilisha pasipoti baada ya viza kutoka, ingia kwenye akaunti uandike namba mpya. Usipofanya hivyo mfumo wa shirika la ndege utaisoma pasipoti mpya na kukuta hakuna kitu, hata kama viza yako ni halali kabisa.

Kuna jambo dogo linaloweza kukwamisha mtu akiwa amesimama kwenye foleni. Kila unapoingia kwenye akaunti ya UKVI unatumiwa namba ya siri, ama kwa ujumbe wa simu ama kwa barua pepe. Laini ya nyumbani ikiwa haijaunganishwa kutumika nje ya nchi, ujumbe hauji, na wewe uko Doha au Addis Ababa unahitajika kuonyesha eVisa. Hakikisha barua pepe iliyoandikwa kwenye akaunti ni ile unayoweza kuifungua popote, na kwamba nywila yake unaikumbuka.

Kabla ya kuondoka, toa msimbo wa kumwonyesha mtu mwingine hadhi yako. Una herufi na tarakimu 9, nao hudumu siku 90. Kwa safari chagua ule wa matumizi ya jumla, unaoanza na herufi S. Unaoanza na W ni wa mwajiri na wa R ni wa mwenye nyumba. Uandike kwenye karatasi. Chapisha pia ukurasa wa eVisa na barua ya uamuzi. Karatasi hizi peke yake siyo viza, lakini mhudumu akikosa rekodi yako anaweza kupiga simu kwa kitengo cha Uingereza kinachosaidia mashirika ya ndege, na kazi yake huwa nyepesi akiwa na kitu cha kusoma.

Tarehe nazo zina ukali wake. Kozi ya zaidi ya miezi 6 hukuruhusu kufika hadi mwezi mmoja kabla ya kuanza. Ya miezi 6 au chini ya hapo, wiki moja tu. Usikate tiketi ya siku iliyo kabla ya ruhusa kuanza, hata kwa saa chache, hata kama ndiyo ya bei nafuu. Kuchelewa nako kuna gharama: chuo hutaja siku ya mwisho ya kujiandikisha, na asiyejiandikisha chuo kinalazimika kumripoti uhamiaji. Ukiona utachelewa, omba idhini ya chuo kwa maandishi na usafiri nayo.

Nyaraka ziwe kwenye begi la mkononi. Mizigo mikubwa hutolewa baada ya kaunta ya uhamiaji, kwa hiyo barua iliyo kwenye sanduku chini ya khanga na unga haitakusaidia afisa akiiuliza. Beba barua ya chuo na namba ya CAS (uthibitisho wa chuo kwamba kimekupokea, uliotumia kuombea viza), uthibitisho wa makazi, barua ya ufadhili au taarifa ya benki uliyotumia kuombea viza, cheti cha kipimo cha kifua kikuu, na cheti cha ATAS (kibali cha usalama kwa baadhi ya masomo ya sayansi na teknolojia) kama somo lako lilikihitaji.

Ukishuka, fuata alama za mpaka wa Uingereza. Milango ya kujihudumia haiwahusu wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo. Nenda foleni ya pasipoti nyingine. Usitumie simu ukifika mbele. Afisa atasoma pasipoti, atachukua alama zako za vidole, kisha maswali: unasoma nini, wapi, muda gani, nani analipa, utakaa wapi. Jibu lenye uzito ni fupi na lina vitu halisi: “Shahada ya uzamili ya afya ya jamii, Leeds, mwaka mmoja, tunaanza tarehe 21, nakaa bweni la chuo, baba analipa.” Anayesema “nakuja kusoma” akanyamaza anaalika maswali mengine kumi.

Majibu yako yanalinganishwa na ulichoandika kwenye maombi. Kama uliandika mjomba ndiye mfadhili, usimtaje baba kwa kuona ni rahisi kueleza. Kama hali imebadilika kweli, sema imebadilika na uonyeshe ushahidi. Na ukiulizwa kuhusu kazi, sema ukweli wa sheria: wanafunzi wengi wa shahada huruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kusema utafanya kazi muda wote ili ulipe ada kunaweza kuiponza viza iliyokwisha kutolewa, kwa sababu afisa ana mamlaka ya kuifuta.

Asiporidhika atakupa karatasi iitwayo IS.81 na kuishika pasipoti yako. Hujakataliwa. Maana yake ni kwamba uchunguzi unaendelea. Watapiga simu chuoni, huenda wakafungua mizigo. Kiingereza kikikushinda katika mahojiano ya kina, omba mkalimani, Kiswahili kinapatikana. Usitie saini maelezo usiyoyaelewa.

Baada ya mizigo kuna forodha. Hapa zawadi za mama ndizo huleta shida. Nyama, hata iliyokaushwa, haipiti. Samli na maziwa hayapiti. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako mwenyewe, kwa hiyo dagaa wako salama. Nazi, nanasi, ndizi na tende hazihitaji cheti cha afya ya mimea. Mboga za majani nyingi zinakihitaji. Miraa ni marufuku tangu 24 Juni 2014, na inahesabiwa kuwa dawa ya kulevya. Ukiombwa na mtu uwanjani umbebee “majani kidogo”, kataa bila kuona haya, maana aliye na begi ndiye mwenye kesi. Fedha taslimu za pauni 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa sarafu nyingine, zitangaze. Unaweza kufanya hivyo mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya safari.

Usitupe kipande cha tiketi ya kupandia ndege. Pasipoti inaweza isipigwe muhuri, na ofisi ya chuo ikikuuliza uliingia lini, hicho kipande na msimbo mpya wa eVisa ndivyo utakavyowapa siku ya kujiandikisha.