Kujua Kivuli Kabla ya Kuchagua Mmea

Kwa miaka mitatu mfululizo nilipanda hosta, mmea wa bustani unaopendwa kwa majani yake, chini ya mti uleule, na kila mwaka majani yake mapana yalianza kukauka kingoni kabla msimu haujafika nusu. Nilidhani udongo umechoka, nikaongeza mboji. Kisha nikawashuku konokono, ambao kweli huyapenda mno majani ya hosta, nikawa natoka usiku na taa kuwaokota. Siku nilipochimba kwa kina ndipo nilipokuta mizizi ya mti imetanda kila mahali kama wavu, na udongo uliokuwa katikati yake ulikuwa mkavu kabisa, ingawa mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Hosta, ambayo asili yake ni Uchina, Korea na Japani, huvumilia kivuli vizuri sana, lakini hutaka unyevu usiokatika. Nilikuwa nimechagua mmea wa kivuli bila kujiuliza ni kivuli cha namna gani.

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri kuhusu mimea ya kudumu, yaani ile inayoishi miaka mingi bila kupandwa upya, humwambia kwanza aache kutazama picha za maua na aende kukaa bustanini kwake siku moja nzima, akiandika kila baada ya saa moja ni sehemu gani inapata jua na ni sehemu gani haipati. Mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi huhesabiwa kuwa pa jua kamili, panapopata kati ya saa 3 na 6 ni pa kivuli cha wastani, na pa chini ya hapo ni pa kivuli. Hata hivyo, idadi ya saa haitoshi, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole na la alasiri huunguza, hivyo sehemu mbili zenye saa 4 kila moja zinaweza kudai mimea tofauti kabisa. Kivuli cha mti unaopukutisha majani nacho huacha mwanga mwingi upite wakati matawi yakiwa matupu, na baadhi ya mimea hutumia nafasi hiyo kuchanua mapema.

Neno jingine linalohitaji kuulizwa ni ustahimilivu. Mmea unastahimili nini hasa? Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo toleo lake la karibuni ni la mwaka 2023, inagawa maeneo katika kanda 13 kwa kufuata wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka. Ni kipimo chenye manufaa makubwa, lakini kinahusu baridi peke yake. Hakisemi lolote juu ya joto, ukame au maji yanayotuama. Mimea mingi inayosifiwa kwa kuhimili baridi huoza mizizi ikikaa kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa majira yote ya baridi, na aliyeipanda hubaki akiilaumu baridi.

Chini ya ule mti sasa nina Epimedium, ambao kwangu hauna mpinzani katika kivuli kikavu: huenea polepole, hufunika ardhi, na huridhika na udongo ambao mimea mingine huukataa. Pembeni yake nimeweka liriope, yenye majani membamba kama nyasi na maua ya zambarau yanayokuja wakati maua mengine yamekwisha. Kangaga aina ya Dryopteris filix-mas huvumilia ukavu kuliko jamaa zake wengi. Hata mimea hii mivumilivu niliimwagilia bila kukosa mwaka wote wa kwanza, maana mmea mchanga bado hauna mizizi ya kushindana na ya mti, na juu ya udongo nilitandaza majani makavu ili unyevu usipotee.

Kwenye ukingo wa bustani unaopata jua mambo ni mepesi zaidi. Sedum, yenye majani manene yanayohifadhi maji, na Agapanthus, yenye vichwa vya maua ya buluu au meupe, hutaka zaidi udongo usiotuamisha maji. Hemerocallis nao, mmea wenye maua yanayofanana na yungiyungi, ua lake moja hudumu siku moja tu, lakini bua moja hubeba matumba mengi yanayofunguka kwa zamu, kwa hiyo rangi huendelea kwa wiki kadhaa.

Wiki kadhaa, narudia, kati ya miezi mingi ambayo mmea utaonekana. Ndiyo maana mimi huchagua kwa kutazama majani kwanza, hasa kwa sehemu za kivuli, ambako majani yenye michirizi myeupe huangaza kona nzima kuliko ua lolote. Halafu huacha nafasi inayolingana na upana wa mmea uliokomaa. Ukingo huonekana mtupu mwaka wa kwanza, na kishawishi cha kujaza mapengo ni kikubwa. Mimi huyajaza kwa maua ya msimu mmoja, ambayo yanakufa yenyewe wakati mimea ya kudumu inapoanza kuihitaji nafasi yake.

Zile hosta nilizihamishia upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi, ambako udongo haukauki. Mwaka huu zimetanuka kiasi kwamba nitazigawa, kila shina na machipukizi yake.