Chakula nilichokifuata Jambiani

Miaka kumi na minne Leicester, Uingereza, nimekula muhogo wa barafu. Maduka ya Wahindi wanauuza umeshamenywa, umo ndani ya mfuko wa nailoni. Nikiutia nazi ya kopo na kujiambia ndio ule ule. Mwaka jana daktari akaniambia sukari yangu imeanza kupanda, nipunguze wanga mweupe, nile nafaka nzima, kunde, majani na samaki. Nilitoka pale nikilia kidogo, kwa sababu alichokuwa akinitajia ni sahani ya bibi yangu.

Basi Februari nikarudi Jambiani, kijijini kwetu pwani ya Unguja. Shangazi alinipokea kwa wali wa mchele wa mapembe, kuku wa barafu na chupa kubwa ya soda. Ndiyo heshima ya mgeni siku hizi, nami nikala kwa heshima hiyo hiyo. Siku ya tatu nikamwuliza, "Shangazi, mofa haipikwi tena, ule mkate wa mtama wa bibi?"

"Mofa? Mtama nani anaulima, mwanangu?"

Jambiani iko kwenye maweni. Udongo wetu ni wa vishimo, kidogo hapa, kidogo pale, katikati ya mawe yaliyokuwa matumbawe zamani. Jembe halifui dafu. Bibi alikuwa akidunga kwa mti uliochongwa ncha, anatia mtama, kunde, choroko na mbaazi, na mvua ikija kila kishimo kinakuwa shamba lake peke yake. Leo sehemu kubwa ya maweni niliyoyajua imezungushiwa kuta, na vijana waliobaki wanafanya kazi ndani ya kuta hizo. Siwalaumu. Mshahara wa mwezi una uhakika, mvua haina.

Nikasema nitaegemea bahari. Siku za bamvua, maji yalipokupwa sana, shangazi akanichukua pwezani. Ana miaka sitini na tatu na anatembea juu ya miamba kama anatembea ukumbini kwake, mkonjo wa kuchomea pweza mkononi, macho chini. Mimi nilikuwa namuuliza kila shimo. Saa mbili nzima tukapata pweza mmoja. Alipokuwa msichana, anasema, ilikuwa kabla jua halijapanda kamba imeshajaa.

Kwenye shimo moja alisimama, akachungulia, akarudisha mkonjo nyuma. Mlango ulikuwa umezibwa kwa vijiwe. "Huyu kaatamia," akasema. Pweza jike akishataga hatoki tena. Hali chochote, anayalinda mayai na kuyapulizia maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Maisha yake yote ni mwaka mmoja, au mmoja na nusu. Ukimtoa siku ile umetoa na maelfu ya mayai. Ndiyo maana kuna vijiji, Pemba na huku Unguja, vilivyokubaliana kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa, kwa kawaida mitatu. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo muda mfupi tu unatosha kuonekana kwenye mizani.

Tulipogeuka kuondoka, mwanamke mwengine alikuwa ameshainama pale pale. Shangazi hakusema kitu. Njiani ndipo akaniambia: ana watoto wanne, na mwani wake wote umekufa.

Hapa kwenye mwani lazima nikae, maana mimi nimesomeshwa kwa mwani. Mbegu ilitoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kikaanzia hapa Jambiani na jirani zetu Paje, mwaka 1989. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuchomeka mambo, vile vijiti, na kufunga kamba. Aina mbili zililimwa, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei. Lakini maji ya pwani yamepata joto, na kotonii haivumilii: inageuka nyeupe, inalainika, inakatika. "Mchana maji yanachoma miguu," shangazi anasema, na nimeyakanyaga, ni kweli. Kwenye maji ya kina kirefu ingeweza kupona, lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakufundishwa kuogelea. Iliyobaki ni spinosamu ya bei ndogo, inayokwenda nje kutolewa uteute wa kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu.

Nilizunguka kisiwa wiki mbili kwa daladala, na kote nikaona mwendo ule ule. Mangapwani nilikuta dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, wazuri, wana kalsiamu, na sehemu kubwa inanunuliwa na wafanyabiashara wa Kongo. Pweza anakwenda hotelini. Mwani unapanda meli. Kinachorudi kwetu ni ngano, mchele, mafuta ya madumu na soda, na watoto wa mtaa wetu asubuhi wanakunywa chai ya sukari nyingi kwa maandazi, jioni chipsi. Mimi niliugulia Leicester kwa chakula hiki hiki, na nimekikuta kimenitangulia nyumbani. Hilo limeniuma kuliko yote.

Dawa za shangazi bado zipo. Jino likiuma ananipa karafuu, na hata madaktari wa meno Uingereza wanatumia kiini chake. Mafua, ananifukiza kwa majani ya mkaratusi. Wapo walioniandikia wakitaka dawa ya miti ya kuondoa kisukari. Sina, na msiache vidonge vyenu. Mimi nameza vyangu, na shangazi anakwenda kituo cha afya kila mwezi kwa ajili ya presha yake. Ninachoweza kusema ni kwamba chakula cha mchana sasa ni choroko za nazi au kisamvu, na samaki wa chukuchuku mwenye ndimu ya kutosha, na wali tumeupunguza mpaka kijiko kimoja cha upawa. Shangazi alinuna siku mbili za kwanza.

Mbegu ya mtama tumeipata Makunduchi, kwa mzee ambaye hajaacha kulima, na kanigawia na debe la kula. Shangazi kanionesha vishimo kumi na saba nyuma ya nyumba ambavyo havijaguswa na ukuta wa mtu. Masika yakianza tunadunga.

Tanuri la mofa tulilikuta bandani, limepasuka mdomo tu. Nilitaka kulikoka siku ile ile, ila ndani yake kuna kuku, ameatamia mayai tisa. Shangazi kakataa katakata asisumbuliwe. Zimebaki siku nane. Debe la mtama liko chini ya kitanda changu.