Kuwatambua farasi wa kale wa Chicago

Tangu nihamie Illinois, magulio ya vitu vya kale ndiyo yaliyonizoeza na wenyeji, hasa akina mama wa makamo waliocheza na farasi wa plastiki wa Breyer utotoni. Kampuni hiyo ilianzia hapahapa Chicago. Farasi wake wa kwanza, Western Horse, alitengenezwa mwaka 1950 kwa ajili ya kampuni ya saa ya Mastercrafters, apambe saa ya mezani. Breyer wakabaki na kalibu, wakaanza kumuuza farasi peke yake.

Hao wa mwanzo ndio wanaotafutwa sana. Mimi humpindua farasi kwanza, nikachungulia upande wa ndani wa mguu wa nyuma. Muhuri wa duara wenye jina la kampuni ulianza kuonekana mnamo 1960, na herufi U.S.A. zikaongezwa karibu na 1970. Western Horse asiye na muhuri ana dalili nzuri ya kuwa wa miaka ya 50, ila usiishie hapo. Kalibu moja ilitumika miaka mingi, kwa hiyo muhuri unakuambia tu kwamba farasi hakutoka kiwandani kabla yake.

Rangi nayo ina mengi ya kusema. Wa miaka ya 50 wengi wanang'aa; zile zisizong'aa zilishika kasi miaka ya 60. Jihadhari na vanishi ya nyumbani: hujikusanya masikioni na kwenye mikunjo ya singa. Rangi ya kiwandani ilipulizwa, ikafifia taratibu pale soksi nyeupe ya mguu inapoanza.

Ninachokipenda kupita vyote ni jicho. Baadhi ya farasi wa miaka ya 60 walitiwa weupe kwenye kona ya jicho, na mara nyingi weupe huo umevuka kidogo ukingo wa kope, kwa kuwa ulipakwa kwa mkono. Waweke wawili wa kalibu moja ubavu kwa ubavu, utaona kila mmoja anakutazama kivyake.

Wageni wa mambo haya hudanganywa na farasi wenye tabaka jeupe kama chokaa chini ya rangi, wakidhani ni wa zamani sana. Wengi wao ni wa miaka ya 70, plastiki ilipoadimika ikabidi itumike ya rangi yoyote na kufunikwa kwa nyeupe. Tafuta palipobanduka, kwenye ncha ya sikio au kwato, utaiona plastiki yenyewe.