Mtoto Hakuchoma Nyumba ya Mtu

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipopasuka ubavuni na moto wake ukashuka hadi katikati ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, dada yangu mkubwa alikuwa na mimba iliyokwisha kutimiza miezi yake. Nilikuwa na umri wa miaka 14. Tulitoka mtaa wetu wa Birere pamoja na umati uliokuwa ukielekea mpakani: shemeji akisukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye godoro, sufuria mbili na mfuko wa maharage, na nyanya yetu, tuliyezoea kumwita Koko, akiwa ameshika ncha ya godoro kana kwamba ndilo lililokuwa likimwongoza. Usiku ule, ng'ambo ya pili, Gisenyi nchini Rwanda, dada alijifungua kwenye baraza la shule. Wanawake tusiowajua walisimama wakimzungushia vitenge vyao, na mmoja wao akanituma dukani nikanunue wembe mpya. Niliporudi ardhi ilikuwa ikitetemeka, anga upande wa Goma ilikuwa nyekundu, na mtoto alikuwa ameshalia. Alikuwa msichana.

Siku chache baadaye tulirudi, kama walivyorudi wengi waliokuwa wamekimbia. Mawe ya volkano yalikuwa bado na joto, hata soli za kandambili zangu zililainika. Pale palipokuwa nyumba yetu ya mbao tulisimama juu ya mwamba mweusi, karibu usawa wa paa la zamani. Jirani mmoja alitupa chumba, na humo ndimo lilipoanza shauri la jina.

Shemeji alitaka mtoto aitwe Nyiragongo. Alisema kwa uchungu, wala hakuwa akitania, kwamba mlima umemnyang'anya kila kitu, basi angalau umwachie jina. Koko yeye alitaka Shida. Kwetu Kivu majina ya namna hiyo si ya ajabu: Tabu, Mateso, Masumbuko na Vita ni watu tunaosalimiana nao kila siku sokoni. Koko mwenyewe aliitwa Tabu, kwa sababu alizaliwa wakati wa njaa, na ingawa hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa, aliijua njaa hiyo na waliokufa nayo. Kwake jina lilikuwa daftari la watu wasioandika. Tena aliamini kwamba kifo hakimtamani mtoto anayeitwa Shida.

Dada alikuwa ameegemea ukuta, akimnyonyesha. Aliwasikiliza wote wawili mpaka wakanyamaza, kisha akasema: "Koko, mtoto hakuchoma nyumba ya mtu. Nikiwa sokoni nikamwita Nyiragongo, mama aliyepoteza wake atageuka atazame nini?"

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi, hasa tangu niliposoma habari za Marekani. Agosti 2005 dhoruba iliyopewa jina Katrina iliua watu zaidi ya 1,000, wengi wao katika jimbo la Louisiana. Wataalamu wa hali ya hewa waliliondoa jina hilo katika orodha ya majina ya dhoruba, na katika miaka iliyofuata wazazi nao walizidi kuliacha, hadi likatoka kabisa katika majina 1,000 yanayopendwa zaidi kwa wasichana. Kule dhoruba ilikuwa imechukua jina la watu, na wasichana waliolibeba tangu zamani wakakuta limebadilika maana bila wao kutenda lolote. Mlima wetu nao una jina la kike: Nyira ndiyo mwanzo wa majina mengi ya wanawake kwa wasemao Kinyarwanda. Kwa hiyo naona dada alikuwa ameona mbali kuliko sisi sote, ingawa sidhani kwamba Koko alikosea kutaka siku ile isipotee.

Dada alipendekeza Furaha. Koko alikataa, na safari hii shemeji alimuunga mkono: ungewezaje kumwita Furaha katika nyumba ya jirani ambaye bado anamtafuta mdogo wake? Tulikaa kimya. Hatimaye Koko, akiwa anamfunga mtoto vizuri kwenye kitenge, alisema kana kwamba anajisemea mwenyewe: "Lakini huyu tulimpata safarini." Hakuna aliyebisha.

Tulipompeleka kupimwa uzito, mimi ndiye niliyetajia muuguzi majina, kwa kuwa nilijua kuyaandika. Kalamu yake ilikuwa imekaribia kuisha wino, akawa anaipulizia pumzi ya moto baada ya kila mstari. Niliposema Safari, alisimamisha mkono, akanionyesha ukurasa uleule kwa kidole. Juu yetu kulikuwa na Safari wawili, mvulana na msichana, waliozaliwa juma lile lile. Koko aliomba asomewe majina hayo kwa sauti. Muuguzi alimsomea, na Koko akawauliza wanawake waliokuwa kwenye benchi ni akina nani kati yao waliokuwa mama za hao wawili, ili awasalimie.