Kutoka sigiri hadi kikombe chenye glezi

Kufinyanga nilifundishwa na jirani yangu hapa Jinja, mama mtu mzima anayeuza sigiri sokoni. Gurudumu hana. Huviringisha udongo kwa viganja, akauzungusha juu ya kitako, kisha akausugua kwa kidole ndani na nje mpaka maungio yapotee. “Mwanangu, usiuanike juani,” ndilo neno lake la kila siku. Ukuta mwembamba hukauka kwanza, mnene hubaki nyuma, na zikivutana chombo hupasuka. Kwa hiyo usiku nafunika kazi kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki. Mpini naubandika ukiwa na unyevu sawa na kikombe, baada ya kukwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo. Sahani bapa zilikuwa zikikunjamana kingo. Zilitulia nilipoanza kuzikausha katikati ya mbao mbili.

Glezi, ule utando unaong’aa juu ya vyombo vya udongo, ndiyo iliyonikalisha chini. Mama yule haitumii. Vyungu vyake huvisugua kwa kokoto laini hadi ving’ae, na kwa maji ya kunywa sioni kasoro, maana unyevu unaopenya na kukauka nje ndio unaoyapoza. Lakini mimi nilitaka vikombe vya chai.

Glezi ni kioo tu. Silika, yaani madini ya mchanga mweupe, ndiyo kioo chenyewe, ila peke yake huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 1700, hivyo feldispa, madini ya mawe, hushusha kiwango hicho, na kaolini, udongo mweupe, huizuia glezi isitiririke. Uganda tunavyo vyote: mchanga mweupe wa Ziwa Victoria, feldispa ya Lunya, kaolini ya Mutaka. Tatizo ni kwamba glezi ya feldispa hutaka kama nyuzi 1250, na udongo wetu mwekundu, kwa wingi wa chuma, hulegea kabla ya hapo. Nikachagua glezi ya boraksi, chumvi ya madini inayoyeyusha kioo mapema; hiyo huiva karibu na 1050. Glezi ya risasi, metali yenye sumu, usiiweke kwenye chombo cha chakula, hata ukipewa bure.

Vikombe vya kwanza vilitoka na utando wa nyufa nyembamba: glezi ilisinyaa kuliko udongo ilipopoa. Dawa yake ni silika. Niliiongeza kidogo kidogo, kila kipimo na kigae chake cha majaribio chenye namba mgongoni, mpaka nyufa zikakoma. Kitako nakipaka nta kisishike rafu ya tanuri. Tanuri lenyewe la umeme tunalikodi kwa kuchanga na wenzangu, na hatuliwashi mpaka lijae, maana bili ya umeme si mchezo.