Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Kamera za Siri, Nairobi

Saa 11:15 alfajiri

Kabla ya chai nasoma ripoti ya usiku kwenye simu. Tuna kamera 14 za kunasa majangili kusini mwa jiji, upande ule ambao Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi haina ua na wanyama huvuka mto kwenda malishoni Kitengela na nyanda za Athi-Kapiti. Zilipo hasa sitasema, na yeyote anayefanya kazi hii naye asiseme.

Kila kamera hutuma ujumbe mfupi saa 11 kamili: volti za betri, nguvu ya mtandao, sensa ya joto imeshtuka mara ngapi, picha ngapi zimetumwa. Namba 6 imeshtuka mara 212 na haikutuma picha hata moja. Hiyo ni habari njema. Walikuwa pundamila na nyasi za upepo, na akili unde iliyo ndani ya kamera imezitupa picha zote. Namba 9 ndiyo inayonitia wasiwasi: tangu saa sita usiku imejizima na kujiwasha mara 31.

Saa 12:45 asubuhi

Karakanani. Ugonjwa wa namba 9 naujua kabla sijaifikia. Modemu, yaani kifaa kinachotuma picha kwa mtandao wa simu, inapotafuta mtandao wa 2G huvuta umeme kwa mapigo mafupi yanayoweza kufika ampea 2. Betri ikiwa imechoka, volti huporomoka kwa pigo hilo, bodi inazima, inawaka upya, inajaribu kutuma tena, inazima tena. Ukipima betri ikiwa imetulia utaona volti nzuri tu, na utaishia kubadilisha modemu isiyo na kosa. Pima wakati inatuma.

Dawa ni mbili. Kwanza, kapasita (kijidude cha kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka) ya maikrofaradi 1000 ichomelewe karibu kabisa na miguu ya umeme ya modemu. Ukiiweka mwisho wa waya mrefu ni kama hukuiweka. Kapasita hizi nazipata mjini, kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli. Pili, betri za AA za lithiamu, nane zikifuatana. Za alkali zipo kila duka, lakini volti zake huanza kushuka tangu siku ya kwanza, na zikiisha zikasahaulika ndani ya boksi la joto huvuja na kula soketi.

Mkobani: betri 16, paketi za silika jeli, grisi ya silikoni, memori kadi 4 zilizofomatiwa ndani ya kamera yenyewe wala si kwenye kompyuta, multimita, mkasi wa kukatia nyasi.

Saa 4:10 asubuhi

Wengi wakisikia ujangili hufikiria pembe za ndovu. Si ajabu: ndani ya mbuga hii ndipo Kenya ilipochoma tani 12 za pembe mwaka 1989, kisha tani 105 mwaka 2016. Lakini mbuga yenyewe haina makundi ya ndovu. Faru wapo, na ulinzi wao ni mkali. Kinachoua huku pembeni kila wiki ni kitanzi cha waya, cha kunasa swala na pundamila kwa ajili ya nyama. Waya haupigi kelele kama bunduki, na mtu mmoja anaweza kutega ishirini kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ndiyo maana kamera zetu haziangalii wanyama. Zinaangalia vijia vya watu.

Tunaifikia namba 9 kwa kuzunguka nyuma ya mti. Kamwe hatupiti kwenye kijia chenyewe, kwa sababu alama ya buti kwenye udongo mweusi uliolowa hukaa siku nyingi, na mtega waya husoma ardhi vizuri kuliko sisi. Imefungwa kwenye mgunga, kimo cha mita 2.7, juu ya usawa wa macho, imeinamishwa chini. Boksi limebandikwa vipande vya gome lililoanguka la mti uleule.

Betri zinabadilishwa kwa dakika tano. Kazi iliyobaki inachukua saa nzima, nayo ni pembe ya kamera. Sensa ya joto hunasa vizuri mwili unaokatiza mbele yake na hulegea mwili ukiijia moja kwa moja. Ukiielekeza kamera sambamba na kijia, mtu atakuwa karibu mno ndipo ishtuke. Ukiielekeza kwa pembe mraba na kijia, itashtuka mapema lakini atakuwa ameshapita, na utapata picha ya kisigino. Sisi huweka digrii 45, mita 4 hadi 6 kutoka kijiani. Lenzi iangalie kaskazini au kusini: hapa tuko karibu na ikweta, na kamera inayotazama mashariki hupofushwa na jua kila asubuhi mwaka mzima.

Kisha nyasi. Sensa haioni mtu, inaona tofauti ya joto inayosogea. Nyasi zilizochomwa na jua la saa saba zikitikiswa na upepo ni "mtu" kwake, na kila mshtuko hula betri hata kama picha inatupwa. Tunakata zilizo ndani ya mita mbili mbele ya lenzi, shina moja moja, kwa urefu usiolingana. Ukifyeka duara safi umeweka bango.

Taa za usiku ni za mwanga usioonekana kwa macho, nanomita 940. Za 850 hufika mbali zaidi, lakini mtu akizitazama huona kaa dogo jekundu gizani, na kamera hiyo haitamaliza usiku. Waya wa antena tumeufukia sentimita 20, maana fisi hutafuna chochote cha mpira na nyani huvuta chochote kinachoning'inia. Tundu la waya tunalipaka grisi nene. Bila hivyo sisimizi watahamia ndani na mayai yao.

Mwisho nasoma nguvu ya mtandao: 14 kati ya 31. Chini ya 10 picha hukwama njiani, hivyo huku bondeni antena lazima ipande juu ya tawi.

Saa 8:40 mchana

Ofisini, kadi nilizotoa zinapitishwa kwenye MegaDetector, programu ya bure inayotenga picha mafungu matatu: mnyama, mtu, gari. Matokeo yake nayalinganisha na uamuzi uliofanywa na chipu ndogo ya kamera kule porini. Wazo la kuchagua picha ndani ya kamera yenyewe si letu; kamera ya TrailGuard AI ya shirika la uhifadhi la RESOLVE ilitangazwa mwaka 2019 ikitumia chipu ya Intel, baada ya majaribio ya Grumeti, Tanzania, yaliyosaidia kukamata majangili 30.

Leo adui yangu ni ndege: korongo. Wale wakubwa, wenye upara, waliozoeleka juu ya migunga ya pale uwanja wa Nyayo. Wakati wa magharibi, kwenye picha ya kijivu, korongo aliyesimama na mabawa yamekunjwa ana mabega, ana kichwa, ana koti jeusi na miguu miwili myembamba. Chipu imempa uhakika wa asilimia 71 kuwa ni mtu. Ningeweza kupandisha kizingiti kutoka 70 hadi 85 na kumaliza shida, lakini hapo ningempoteza pia mtu aliyeinama au aliyejifunika blanketi. Kwa hiyo naongeza picha 60 za korongo kwenye fungu la picha za kuifunza chipu, nikiichora kila moja fremu kwa mkono. Inachosha. Lakini skauti wa doria akitolewa kitandani mara tatu kwa ajili ya ndege, mara ya nne atatembea polepole, na ana haki.

Saa 10:30 jioni

Picha za wachungaji na akina mama wa kuni zinafutwa leo leo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda wao pia, na ni majirani zetu. Picha zinazoweza kufika mahakamani hubaki kama zilivyotoka, bila kukatwa wala kuongezwa mwanga. Tunaandika alama ya SHA-256 ya kila moja (tarakimu zinazobadilika picha ikiguswa hata kidogo), nani alitoa kadi na saa ngapi, na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinatiwa saini na mwenye dhamana ya mtambo. Saa ya kamera ikiwa imekosea kwa dakika kumi, wakili wa utetezi ataanzia hapo.

Saa 1:52 usiku

Namba 9. Sensa hadi uamuzi wa chipu: sekunde 3. Sekunde 34 nyingine ni modemu kuamka na kujisajili mtandaoni, kwa sababu huwa tunaizima kuokoa betri. Picha ya kilobaiti 35 inaingia, na simu inalia papo hapo.

"Fundi, huyu ni mtu au korongo?"

"Ni mtu, mkubwa. Wawili. Wa nyuma ana mzigo begani."

Maskauti wanaelekezwa wazunguke upande wa upepo, mbali na kijia, ili kamera isiwanase wao na kutuma tahadhari ya pili. Saa 3:20 redio inasema watu wamekamatwa wote wawili na polisi wameitwa. Mzigo ni nyaya 17 za klachi ya pikipiki, zimeshafungwa vitanzi.

Nafungua ripoti ya namba 9. Volti 11.8 wakati wa kutuma. Haikujizima hata mara moja.