Siku Niliyoiona Nyumba Ndani ya Karatasi

Mwaka 2009 nilikuwa kibarua kwenye saiti moja mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jengo la ghorofa moja, maduka chini na vyumba vya wageni juu, si mbali na soko. Kazi yangu ilikuwa toroli, karai na kuchota maji. Tulikuwa watu wa kila upande: Walugbara, Waalur, Wakakwa, vijana waliotoka Kampala, na mafundi kadhaa wa Kongo. Tulielewana kwa Kiswahili, kama watu wengi wa Arua wanavyoelewana hadi leo. Fundi mkuu alikuwa mzee kutoka Bunia, Kongo. Ramani za jengo alizitunza ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, limezibwa huku na huku, na usiku alilala nalo stoo pamoja na mifuko ya saruji. Kibarua hakuligusa bomba lile.

Siku moja saruji iliisha, na lori likawa bado liko njiani, upande wa Pakwach. Wenzangu walijilaza chini ya mwembe. Mimi nilisogea pale mzee alipokuwa ametandaza karatasi juu ya mbao, nikachungulia. Hakunifukuza. Aliniuliza naona nini. Nikamwambia, "Mzee, naona mistari. Mingine minene, mingine myembamba, mingine imekatikakatika. Na hizi robo duara sizielewi."

"Kuja, mutoto," akasema, akaikunja karatasi.

Jirani yetu alikuwa na ghorofa lililokwisha kujengwa, na roshani yake ilitazama saiti yetu. Tukaomba ruhusa, tukapanda. Wakati ule kuta zetu zilikuwa zimefika usawa wa kifua. Mapengo ya madirisha yalikuwa yameshaonekana, na fremu za milango zilikuwa zimesimama na kuegemezwa mbao. Mzee akanipa karatasi na kuniambia niigeuze mpaka mstari wenye herufi A uelekee barabarani. Nikaigeuza. "Sasa tazama chini, kisha tazama mukononi."

Ilikuwa ileile. Kuta zilizokuwa pale chini, zimekatika usawa wa kifua, ndiyo mistari minene ya karatasini. Korido ilikuwa korido, stoo ilikuwa stoo. Mzee akanieleza kwamba mchoraji huichukulia nyumba kana kwamba imekatwa kwa panga refu, mita moja na kitu kutoka sakafuni, sehemu ya juu ikaondolewa, naye akatazama kutoka juu. Kinachopitiwa na panga huchorwa kwa mstari mnene. Kilicho chini yake, kama ukingo wa kizingiti au ngazi ya mlangoni, kwa mstari mwembamba. Kilicho juu yake, kama bimu au ukingo wa paa, kwa vipande vipande, kwa sababu kipo lakini kimeondolewa na panga. Ndiyo maana ngazi za kupandia ghorofani huchorwa hatua chache tu kisha hukatwa kwa mstari wa zigizaga. Na zile robo duara ni njia ya mlango unapofunguka: zinakuonyesha bawaba ziko upande gani na mlango unaingia chumba kipi.

Naamini hadi leo kwamba ramani haifundishiki mezani peke yake. Nimeona vijana wenye cheti wakiikariri kama sala, lakini ukiwaweka mbele ya ukuta hawajui wasimame wapi.

Tuliporudi chini aliniingiza kwenye namba. Palipoandikwa 3600 ni milimita, yaani mita tatu na sentimita sitini. Neno milimita haliandikwi kwa sababu ramani yote ni ya milimita. Yeye kwao alizoea michoro ya sentimita, kwa hiyo jambo hili alilirudia sana. Kisha akanikataza kuweka futi juu ya karatasi ili kupima chumba. Ramani yetu ya skeli ya 1 kwa 50, yaani sentimita moja ya karatasi ni hamsini za jengo, ilikuwa imetolewa kopi kutoka karatasi kubwa ya A1 hadi A3, na hapo kila urefu unakuwa nusu. Maandishi bado yanasema 50, ilhali mchoro umeshakuwa wa 100. Namba iliyoandikwa ndiyo inayofuatwa. Kama haipo, unamuuliza aliyechora.

Baadaye tulikaa kivulini na karatasi ya nondo, nayo ndiyo iliyobadilisha maisha yangu. Kwenye roshani ya mbele paliandikwa Y12-200 na herufi T. Y ni nondo ngumu yenye matuta, 12 ni unene wake, 200 ni nafasi kutoka nondo hadi nondo. T ina maana ya juu. Nikauliza kwa nini vyumbani imeandikwa B, yaani chini, na huku iwe juu. Mzee hakujibu. Alichukua muhogo mbichi tuliokuwa tunautafuna, akabana upande mmoja chini ya tofali, upande wa pili ukaning'inia nje ya ukuta. Akaukandamiza ncha polepole. Ufa ulianzia juu, pale pale ukutani, ukashuka, muhogo ukavunjika.

Kisha akaweka kipande kingine juu ya matofali mawili, akakandamiza katikati. Safari hii ufa ulianzia chini.

Zege hustahimili kubanwa lakini ni dhaifu linapovutwa, na nondo huwekwa pale panapovutwa. Slabu ya chumba, yaani sakafu ya zege ya ghorofani, imeshikwa pande zote, inavutika chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, inavutika juu. Nondo zake zikilala chini ni kama hazimo, na roshani huanguka na watu wakiwa juu yake. Herufi moja imebeba uhai wa watu, na wasukaji wengi wa nondo hawajawahi kuonyeshwa iko wapi kwenye karatasi. Kuwaficha ramani vibarua ni dhambi, nasema hivyo bila kutafuna maneno, kwa sababu wao ndio wanaozikanyaga nondo hizo siku ya kumwaga zege.

Ilipofika zamu ya roshani yetu, mzee alinipa karatasi na tepu, akaniweka pale juu. Slabu ilikuwa ya milimita 150. Ukitoa 25 za zege la kufunika na 12 za nondo yenyewe, chini ya nondo hadi kwenye mbao panabaki 113. Asubuhi nilipima, zikawa sawa. Ila watu wa karai walipoanza kupita, vile viti vya chuma vinavyozibeba vililala, na nilipopima tena nikakuta 60 na kitu.

Nikapaza sauti wasimamishe zege. Fomeni wa zege akanijia juu, akisema mashine inazunguka na kibarua hana amri. Mzee akaita kutoka chini, "Musikilizeni, ana ramani mukononi." Tukakata vipande vya nondo, tukakunja viti vingine, tukazinyanyua zote, nikapima moja baada ya nyingine. Tukaweka mbao za kupitia ili asikanyage mtu, na toroli zikaendelea kupanda mpaka magharibi.